SAFARI YA PIKI HUANZA NYUMBANI



Siku chache baada ya mshahara utaona piki mpya zikipita mitaani Kolwezi. Bado zina karatasi za nailoni kwenye kiti. Mwenye piki anafurahi, watoto wanaipanguza vumbi, majirani wanakuja kutazama. Furaha hiyo ni halali, maana piki inafupisha njia ya kwenda kazini, inampeleka mgonjwa hospitali, inaleta gunia la unga nyumbani.

Lakini siku moja neno linafika kutoka mbali: harusi Likasi, kilio Lubumbashi, mzee anaumwa Kasaji. Mtu anaitazama piki yake na kusema: "Ninayo. Nitakwenda nayo." Piki iliyofaa kutoka nyumbani hadi mgodini sasa inatakiwa kukata kilometa mia tatu kati ya makamyo. Je, yeye na piki yake wako tayari?

HABARI YA BABA MAPASA

Tumtwae mfanyakazi mmoja kuwa mfano. Tutamwita Baba Mapasa, kwa sababu amezaa mapacha. Ni makanika, na piki yake ina injini ya 125. Usiku mmoja wa mwezi wa sita, akiwa kazini, alipata habari kwamba mama yake mdogo amefariki Lubumbashi. Mama huyo ndiye aliyemlea. Mazishi yangekuwa kesho yake mchana.

Zamu ilipokwisha alfajiri, alifika nyumbani, akavaa koti na kuchukua ufunguo. Mke wake alisimama mlangoni.

"Baba Mapasa, umekula?"

"Nitakula njiani."

"Umelala?"

"Nitalala nikifika."

"Basi sikiliza. Mama amekwisha kufa, hawezi kufa mara ya pili. Wewe ukianguka njiani leo, tutakuwa na vilio viwili, na watoto hawa watamwita nani baba? Lala kwanza."

Baba Mapasa alikasirika. Alisema mwanamke hajui mambo ya barabara. Hata hivyo aliketi ili avue viatu, na kabla ya kumaliza kufungua kamba ya pili, usingizi ulimchukua palepale kwenye kiti.

Hapo ndipo pana fundisho la kwanza. Mtu anayelala akifungua kamba ya kiatu angelala pia akishika usukani wa piki. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima watu waliokesha. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi vibaya sawasawa na mtu aliyekunywa pombe hadi kiasi cha 0.05 kwa mia katika damu. Sasa fanya hesabu ya mtu wa zamu ya usiku: aliamka jana mchana, alifanya kazi usiku kucha, asubuhi anataka kusafiri. Hakunywa hata tone la lutuku, lakini anaendesha kama mlevi.

CHAGUA PIKI KWA BARABARA YAKO

Watu wengi wanachagua piki kwa rangi, au kwa sababu rafiki anayo ya namna ile. Uliza kwanza maswali matatu: nitapita barabara gani, nitabeba nini, nani ataitengeneza ikiharibika?

Kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi njia ni ya lami. Kutoka Kolwezi kwenda Mutshatsha, Kasaji na Dilolo ni safari ya kilometa zaidi ya 400, na huko utakutana na mchanga, mashimo na, wakati wa mvua, matope. Hizo ni kazi mbili mbalimbali.

Kwa lami, piki za kawaida za 125 au 150, kama TVS na Bajaj Boxer tunazoziona kila siku, zinatosha kwa mtu mmoja na mzigo mdogo. Hazinywi esansi nyingi, na vipuri vyake vinapatikana sokoni. Kwa njia ya mchanga na mashimo, afadhali piki iliyoinuka kutoka chini, yenye gurudumu kubwa la mbele na mpira wenye meno. Wamisionari na waganga wa vijijini walipenda Yamaha DT 125 na Honda XL 125 kwa sababu hiyo hiyo.

Kabla ya kutoa pesa, angalia mambo haya:

Kimo. Kaa juu ya piki, weka miguu yote miwili chini. Kama unagusa kwa ncha za vidole tu, piki hiyo si yako. Siku utakaposimama kwenye mteremko na mzigo nyuma, itakulaza.

Freni. Freni ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha piki. Ishike na uisukume piki: isiende hata kidogo. Yule anayesema "mimi natumia ya nyuma tu" hajajifunza kuendesha.

Magurudumu. Gurudumu lenye spoki na mpira wa ndani linatengenezeka katika kila kijiji. Gurudumu la chuma kizima ni zuri mjini, lakini likipasuka porini huna la kufanya.

Kiki. Piki yenye kiki ya mguu itawaka hata betri ikifa. Ile ya kuwasha kwa kidole tu itakuacha njiani.

Kama unanunua iliyotumika, mpelekee makanika unayemwamini. Tazama kama chasi ina ufa au imeunganishwa kwa moto. Tikisa gurudumu la mbele kulia na kushoto. Iwashe na kutazama moshi: ukiwa wa bluu, injini inakula oili. Mwisho, linganisha namba ya chasi na namba iliyo kwenye karatasi. Bei ndogo sana mara nyingi ni alama ya piki ya wizi.

Usinunue nguvu usiyoijua kuitawala. Mwaka 1981 huko Marekani, Harry Hurt na wenzake walitoa kitabu cha uchunguzi wao juu ya ajali 900 za piki katika eneo la Los Angeles. Waligundua kwamba zaidi ya waendeshaji 9 kati ya 10 walioanguka walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na rafiki. Waligundua tena kwamba katika ajali za piki na gari, sababu kubwa ilikuwa dereva wa gari kutoiona piki. Miaka imepita, Los Angeles ni mbali, lakini maneno hayo mawili yanafaa hapa kwetu: jifunze kwa mtu anayejua, na jionyeshe. Washa taa hata mchana. Vaa ile fulana ya kazi inayong'aa.

KOFIA YA MGODINI SI KASKE YA PIKI

Jambo hili tunaliona kila siku mbele ya mlango wa kazi. Mtu anatoka kazini na kofia yake ngumu ya mgodini, anapanda piki, anajiona amejilinda. Amejidanganya.

Kofia ya mgodini ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka kutoka juu: jiwe, bolti, chombo cha mwenzako. Haikutengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachogonga lami kwa mwendo wa kilometa 60. Ukianguka inaruka mapema, kichwa kinabaki kitupu. Haina kitu cha kulinda kidevu, na pembeni haina ile sponji ngumu inayobonyea ili ubongo usitikisike.

Kaske ya kweli inakaza kichwa bila kuumiza. Ndani au nyuma yake tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, pamoja na namba. Funga kamba, kisha mwambie mke wako aisukume kutoka nyuma kwenda mbele. Ikivuka kichwa, ni kubwa mno, irudishe. Kaske iliyokwisha kupigwa katika ajali haifai tena, hata kama kwa macho ni nzima. Na kaske isiyofungwa kamba ni kama haipo.

Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi, katika maandishi ya mwaka 2008, waliona kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya piki kwa 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Anayekaa nyuma naye ana kichwa. Nunueni kaske mbili.

Viatu vya kazi ni vizuri kwa piki. Sandali hapana. Vaa suruali nene, koti la mikono mirefu na glavu. Wakati wa Juni na Julai baridi ya asubuhi huku kwetu inakausha vidole, na vidole vilivyokauka vinachelewa kushika freni.

USIHESABU KILOMETA, HESABU SAA

Turudi kwa Baba Mapasa. Aliamka jua likiwa limepita utosini. Mke alimwekea bukari na sombe. Alipokula, hasira ilipungua, akachukua karatasi na kalamu. Akaanza kuhesabu kama anavyohesabu kazi ya karakana.

Kolwezi hadi Likasi ni kilometa 180 hivi. Likasi hadi Lubumbashi ni 120 hivi. Jumla karibu 300. Mtu wa mdomo atasema: "Kwa 80 kwa saa, ni saa nne tu." Lakini barabarani kuna malipo ya njia, kuna miji, kuna makamyo yaliyopanga mstari, kuna kupumzika na kujaza esansi. Ukipata kilometa 45 kwa kila saa, pamoja na kusimama, umefanya vizuri. Basi 300 ni karibu saa saba. Kama angeondoka wakati ule, usiku ungemkuta njiani, kati ya makamyo yasiyo na taa nyuma na watu wanaotembea pembeni.

Akaona hata Likasi ni shida: ni saa nne, na piki haijatazamwa. Aliamua kuondoka kesho yake kunapokucha. Alimpigia mjomba wake simu, akasema wazi: "Sitawahi kuzika. Nitafika kesho, nitakaa matanga pamoja nanyi." Mjomba alinung'unika. Hilo lilimuuma Baba Mapasa, nasi hatutaki kulificha. Usalama una bei yake. Safari hii bei ilikuwa kutouona mwili wa mama yake kwa mara ya mwisho.

Mchana ule uliobaki aliitumia kwa piki. Alitazama mipira, akaujaza upepo ikiwa baridi. Alikaza na kupaka mnyororo mafuta. Alibadilisha oili. Alijaribu taa zote, freni zote mbili, na kebo moja moja. Kebo ya klachi ilikuwa imekatika nyuzi tatu. Mgodini hatuwashi mashine kabla ya kuizunguka na kuitazama. Piki nayo ni mashine, tena ni ile inayokubeba wewe mwenyewe.

ESANSI, MAJI NA MZIGO

Tangi la Boxer linachukua lita 11 hivi. Piki ya namna hiyo ikibeba mtu na mzigo, hesabu lita 3 kwa kilometa 100 ili usikosee. Basi tangi lililojaa linaweza kukupeleka mbali zaidi ya kilometa 300. Lakini usifuate hesabu hiyo hadi tone la mwisho. Tangi likifika nusu, jaza: Fungurume na Likasi ziko njiani. Esansi ya chupa inayouzwa pembeni ya njia itazame kwenye mwanga kabla ya kuimimina, maana maji hukaa chini ya chupa.

Mzigo ufungwe chini na sawasawa pande zote mbili. Gunia refu nyuma ya mgongo linainua piki mbele, na usukani unakuwa mwepesi hata haukusikii. Abiria ni mmoja. Mtoto haketi juu ya tangi.

Chukua vyombo vidogo: ufunguo wa buji na buji moja, mpira wa ndani, gundi na pampu, kebo ya klachi, waya, tochi. Chukua kitambaa safi na bandeji. Na chukua lita tano za maji. Utakunywa, lakini yana kazi nyingine pia, kama tutakavyoona.

KATI YA MAKAMYO

Barabara yetu inabeba utajiri wa Lualaba: shaba na kobalti zinatoka, chokaa, salfa na asidi zinaingia. Kamyo lililojaa halisimami haraka, na dereva wake haoni kila kitu. Shika kanuni hii: kama huoni kioo cha dereva, dereva hakuoni wewe. Usikae pembeni ya kamyo. Pita au baki nyuma. Vumbi likifunika njia, usipite kamwe, hata kama unaijua njia. Unaijua njia, hulijui gari linalokuja.

Kwa mwendo wa kilometa 60, piki inakwenda karibu mita 17 kila sekunde, kabla hata mkono haujashika freni. Ukiongeza mwendo kutoka 40 hadi 80, nafasi ya kusimamia baada ya kushika freni haizidi mara mbili tu, inazidi mara nne.

Gari la asidi liwe mbali nawe. Mwezi wa pili wa mwaka 2019, kwenye barabara hii ya Kolwezi, kamyo lililobeba asidi lilipata ajali pamoja na basi. Watu zaidi ya 15 walikufa, na wengine waliungua na asidi. Ukiona gari la namna hiyo limeanguka, usikaribie kutazama wala kuchota. Simama mbali, upande upepo unakotoka, zuia wengine, ita msaada. Tone likikufikia, fanya kama tulivyofundishwa kazini: vua nguo, mwaga maji mengi, endelea kumwaga dakika 20 au zaidi. Ndiyo kazi ya pili ya zile lita tano: uanze nazo mara moja huku mkitafuta mengine.

Wakati wa mvua, tangu Oktoba hadi Aprili, mvua za kwanza ndizo mbaya, kwa sababu zinachanganya vumbi na oili na kufanya lami kuwa kama sabuni. Punguza mwendo. Radi zikianza, simama kwenye nyumba, si chini ya mti ulio peke yake.

Na anayevuka Kasumbalesa akumbuke: Zambia wanaendesha upande wa kushoto. Hatari haiji wakati wa kuvuka mpaka, maana hapo kila mtu anakumbuka. Inakuja asubuhi ya pili, unapotoka penye esansi au chakula na barabara ni tupu. Mkono wa mazoea unakurudisha kulia.

KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, wewe nawe una kazi katika safari hii. Andika kwenye karatasi njia atakayopita, namba ya piki, na mahali atakaposimama. Patana naye: atapiga simu akifika Fungurume, akifika Likasi, akifika mwisho. Wewe usimpigie katikati ya njia, maana simu inayolia mfukoni inautoa moyo barabarani. Kama saa mliyopatana imepita sana, mpigie ndugu aliye mji wa mbele.

Tena usimtume kwa haraka. Maneno kama "watu watasema hukufika" yamewaua wengi.

UKIKUTA MTU AMEANGUKA

Zuia magari kwanza, usije ukawa wa pili. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi, usiachilie. Usimvue kaske kama anapumua vizuri. Usimpe maji wala pombe ya kunywa. Usimkamate mikono na miguu na kumtupa juu ya gari. Mgongo uliovunjika unaweza kupona, lakini ukikunjwa vibaya miguu haitatembea tena. Mbebeni watu wanne, juu ya ubao au mlango, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja.

MWISHO WA HABARI

Baba Mapasa aliondoka kunapokucha, alipumzika Fungurume, akanywa chai Likasi, akafika Lubumbashi mchana, jua bado liko juu. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Mjomba alimpeleka makaburini jioni ileile, akamwonyesha udongo mpya, wakakaa kimya. Kisha mjomba alimuuliza alivyosafiri. Baba Mapasa akaeleza yote, hata habari ya kamba za viatu. Mzee akacheka kidogo, mara ya kwanza siku zile, akasema: "Mwambie Mama Mapasa namsalimu."

KATA HAPA, BANDIKA UKUTANI

1. Nimelala usiku mzima kabla ya safari.
2. Sijanywa pombe jana usiku wala leo.
3. Mipira, freni, mnyororo, oili, taa na kebo nimevitazama.
4. Kaske ya piki, imefungwa kamba. Ya abiria pia.
5. Permi, karatasi za piki na bima ninazo.
6. Esansi imejaa. Maji lita tano, vyombo na bandeji vipo.
7. Nyumbani wanajua njia yangu na saa zangu.
8. Nitafika kabla jua halijatua. Kama hesabu haikubali, nitaondoka kesho.

Kama moja kati ya haya haijatimia, rudisha ufunguo juu ya meza.